Jibu kwa baba wa Makorora: binti anakwenda kupasuliwa moyo, nyumba nzima haina usingizi

Swali:

"Shikamoo mama. Naandika kutoka Tanga, Makorora, naendesha bajaji. Binti yangu ana mwaka mmoja na miezi minane, ana tundu kwenye moyo. Tulianzia hospitali ya Bombo, tukapewa rufaa ya Dar es Salaam, na sasa tumepangiwa upasuaji wiki tatu zijazo. Daktari alitueleza vizuri, lakini aliposema moyo utasimamishwa wakati wa kushona, mke wangu alinyamaza na hadi leo hajasema la maana. Anamwogesha mtoto, anapika, hazungumzi. Mimi silali. Nalia bafuni maji yakiwa yanamwagika ili wasinisikie. Juzi nilipakia abiria wa Chumbageni, nikaja kushtuka tuko Raskazone. Mama yangu anasema tukilia tunamtabiria mtoto mabaya, na kwamba wasiwasi huu ni upungufu wa imani. Kaka yake yuko darasa la pili, naye ameanza kukojoa kitandani. Naomba kujua: wasiwasi wetu unaweza kumdhuru mtoto? Nifanyeje na mke wangu? Na je, niende nao Dar au nibaki nitafute pesa?"

Jibu:

Marahaba, baba. Nianze na lile linalokutafuna zaidi. Wasiwasi wenu hauwezi kulipanua tundu la moyo wa binti yenu, hauwezi kuharibu upasuaji, na machozi yako ya bafuni hayamtabirii chochote. Tundu lile lilikuwepo tangu mapema mno. Moyo wa binadamu huanza kujiunda kwenye wiki ya tatu ya mimba, na kufikia wiki ya nane vyumba vyake vinne na kuta zake kwa kawaida vimekwisha kujengeka. Wakati huo wanawake wengi ndiyo kwanza wanahesabu siku na kujiuliza kama ni mimba au ni uchovu. Karibu mtoto 1 katika kila 100 wanaozaliwa hai huja na hitilafu ya moyo, na tundu kwenye ukuta ni miongoni mwa zile zinazoonekana sana. Visababishi vichache vinajulikana, kama mama kuugua rubela mwanzoni mwa mimba, au kisukari kisichodhibitiwa. Kwa watoto walio wengi, hata daktari akitafuta sana, hapati chanzo kimoja cha kukinyooshea kidole.

Nalisema hili mapema kwa sababu ya mkeo. Nimekaa na akina mama wengi wanaouguza watoto wa moyo, na ukimya kama wake mara nyingi umebeba swali moja: nilifanya nini? Huenda anaikumbuka ndoo aliyoibeba kutoka bombani, vidonge alivyomeza, siku aliyogombana na wifi yake. Na mitaani kwetu wajibu-maswali hawakosekani. Yupo wa kusema kijicho, yupo wa kusema jini, yupo wa kuuliza kwa sauti ya chini kama kwao kuna ugonjwa huo. Wewe usidhani anajua kwamba hakukosea. Mwambie kwa maneno, mkiwa wawili, kwamba hakuna alichokula wala alichokosa kula kilichotoboa moyo wa mtoto, na kwamba wewe humlaumu. Asipojibu, usimsukume. Rudia tena baada ya siku mbili. Neno hilo likitoka kwa mume lina uzito ambao mimi na daktari hatuna.

Sasa neno lililomnyamazisha. Kiswahili chetu kimeuweka utu wote wa mtu moyoni. Mtu ana moyo mkunjufu, anakata moyo, anatiwa moyo, jambo linamkaa moyoni. Daktari aliposema moyo utasimamishwa, alikuwa anazungumzia msuli unaosukuma damu. Mama alisikia kwamba mwanawe atasimamishwa, kisha, Mungu akipenda, ataendelea. Simshangai kunyamaza.

Mweleze hivi, au mwombeni daktari awaeleze tena. Mtoto atapewa nusukaputi, atalala usingizi mzito, hatasikia maumivu. Damu yake itapitishwa kwenye mashine inayoshika zamu ya moyo na mapafu: inaitia damu oksijeni na kuirudisha mwilini, na ubongo na figo vinaendelea kupata damu muda wote huo. Moyo wenyewe unatulizwa kwa dawa kwa sababu fundi hawezi kushona kitu kinachorukaruka mkononi. Tundu likishazibwa, moyo unarudishiwa damu yake na kuanza kupiga tena. Mashine hii haijavumbuliwa jana. Ilifanikiwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza Mei 1953 huko Philadelphia, Marekani, mikononi mwa daktari John Gibbon, na mgonjwa alikuwa msichana wa miaka 18 mwenye tundu kwenye ukuta wa moyo. Alipona. Kwetu hapa, familia nyingi zilikuwa zikingoja kupelekwa India. Tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilipoanzishwa pale Muhimbili mwaka 2015, watoto wengi wamekuwa wakipasuliwa Dar es Salaam na kurudi makwao.

Kuna mzigo mwingine ambao hukuuandika, lakini nadhani upo. Binti yenu anacheza, anacheka, anaita baba. Mnamchukua mtoto anayecheza na kumpeleka wenyewe akapasuliwe kifua. Mzazi anajiona kama msaliti. Kumbukeni kwa nini hamngoji. Tundu kubwa linapeleka damu nyingi mno mapafuni, ndiyo maana mtoto anatoka jasho akinyonya, anahema haraka, haongezeki uzito, na nimonia haimwachi. Miaka ikipita, mishipa ya mapafu inakakamaa kwa shinikizo hilo, na ikifika hatua fulani kuziba tundu hakusaidii tena. Mnampeleka sasa kwa sababu dirisha liko wazi.

Kuhusu mama yako. Najua anasema kwa mapenzi, na bila shaka naye halali. Lakini kulia hakupunguzi imani. Katika Qur'ani, Nabii Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na ni huyohuyo anayetajwa kwa subira njema. Mwombe mama akae jioni moja na sura ya Yusuf, mzungumze. Msimkatalie dua wala kisomo, vinawashika watu wengi wasianguke, nami nimeviona vikifanya kazi hiyo. Ninachokuomba ni kwamba mtu asikatazwe kulia kwa jina la dini.

Mbele ya mtoto je? Mtoto wa umri huo haelewi "tundu", lakini anasoma uso na mikono yenu. Mama akilia kidogo huku amemkumbatia, kisha akafuta machozi na kusema "mama yuko hapa", mtoto hadhuriki. Kinachomtisha ni kelele, watu wazima kugaragara, au mama aliyekaa karibu kama jiwe, asiyemtazama. Hilo la mwisho ndilo linalonipa wasiwasi kidogo nyumbani kwako, nitalirudia.

Kwa wewe mwenyewe: kutolala, kutetemeka, kusahau njia, ni mwili ulio kwenye hali ya hatari kwa wiki nyingi bila kupumzika. Hujarukwa na akili. Mwaka 2017 yalichapishwa mapitio ya tafiti nyingi kuhusu wazazi wa watoto wenye magonjwa mazito ya moyo ya kuzaliwa nayo. Ilionekana kwamba hadi asilimia 30 ya wazazi walikuwa na dalili zinazolingana na ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe, ule tuliozoea kuusikia kwa watu waliotoka vitani, na kati ya asilimia 25 na 50 walikuwa na sonona au wasiwasi uliopita kiasi. Wengi wa wazazi hao wanaishi nchi tajiri, hawalali kwenye benchi la hospitali wakihesabu nauli ya kurudi. Kwa hiyo usijione mdhaifu.

Ila bajaji, hapana. Safari hii ulifika Raskazone salama. Siku ambayo hukulala usiku, usiingie barabarani. Ongea na tajiri wako, mweleze ukweli kuhusu mtoto, na mpatane hesabu ya wiki hizi tatu. Wengi wana watoto, wataelewa. Tafuta deiwaka kijiweni akushikie jioni.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo natamani ulibebe hata ukisahau mengine. Tangu miaka ya 1980 watafiti wamekuwa wakiwauliza wazazi wenye watoto ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, ni kipi kinachowaumiza zaidi. Wanawatajia sauti za mashine, sura ya mtoto, sindano, lugha ya wahudumu. Jibu linalorudi mara kwa mara juu kabisa ni kunyang'anywa uzazi: kushindwa kumlisha mwanao, kumbeba, kumfariji akilia, kumlinda asiumizwe. Miaka ya nyuma, katika hospitali ambayo sitaitaja, mama mmoja aliyetoka Pangani alisimama nje ya mlango tangu asubuhi hadi alasiri. Alikuwa amembeba mtoto yule mgongoni kwa mwaka mzima, na sasa kila mtu aliyevaa koti aliingia isipokuwa yeye. Aliniambia, "Nimekuwa mgeni wa mwanangu." Jioni nesi mmoja alimpa kipamba chenye maji, akamwambia amlowanishe mtoto midomo. Nilitazama mikono yake. Ilikuwa ikitetemeka tangu asubuhi, na pale ikatulia.

Ndiyo maana ushauri wangu karibu wote ni wa namna moja: tafuteni kazi za uzazi ambazo bado ni zenu, mzishike kabla, wakati na baada.

Kabla ya safari, kazi ya kwanza ni kumwambia mtoto ukweli mdogo unaomtosha. Siku moja au mbili kabla: "Tunakwenda kwa daktari, atatengeneza kifua chako, utalala, ukiamka mama yupo." Inatosha kwa umri wake. Mchezeeni udaktari kwa mwanasesere, mbandikeni plasta kifuani. Msimdanganye kwamba mnakwenda kununua pipi. Kwa umri huu hofu yake kubwa kuliko zote ni kuachwa, na akidanganywa siku hiyo ataushika mkono wa mama kwa miezi mingi baadaye. Na hapa nyumbani komesheni ile tabia yetu ya kusema "nyamaza, dokta atakuchoma sindano". Daktari si fimbo ya kutishia. Kanga ya mama iliyovaliwa, isiyofuliwa, pelekeni. Kama hawataruhusu iingie ndani, mtaikuta wodini. Rekodi kwenye simu sauti zenu mkimbembeleza, mwombeni nesi kama inawezekana kumpigia.

Kaka yake wa darasa la pili anakojoa kitandani kwa sababu amesikia minong'ono na amejijazia mwenyewe. Mketishe. Mwambie dada anaumwa moyo, madaktari wataushona, ugonjwa hauambukizi, na hakuusababisha yeye. Watoto wa umri wake mara nyingi huamini waliusababisha, labda siku moja alimsukuma. Mpe kazi: achore picha ya kupeleka Dar, au amtunzie dada kuku wake. Mwalimu wake ajulishwe. Asichapwe kwa kukojoa.

Simu nayo ni mzigo ambao watu hawauhesabu. Siku ya upasuaji mtapigiwa na shangazi wa Muheza, mjomba wa Korogwe, kijiwe kizima, na waliochanga na wasiochanga, wote wakiuliza "anaendeleaje?" Kila ukijibu unaanza upya. Teueni mtu mmoja awe msemaji, kaka yako au rafiki mwenye busara. Nyinyi mnampa taarifa yeye tu, mara mbili kwa siku, yeye anawaambia wengine. Waambieni ndugu mapema ili asionekane mtu amewadharau.

Pesa sitazitolea hotuba. Mwendeeni afisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, kabla deni halijaandikwa, mweleze hali yako kama ilivyo, maana hiyo ndiyo kazi yake. Na malazi: kama ndugu yenu wa Dar anakaa Mbagala, hesabu foleni mpaka Upanga. Mahali padogo palipo karibu panapunguza msongo kuliko nyumba kubwa ya mbali.

Jiandaeni pia na kuahirishwa. Kikohozi kidogo, homa, mgonjwa wa dharura aliyeingia usiku, na jina la mtoto linasogezwa. Nimewaona wazazi waliovumilia miezi wakivunjika siku hiyo, kwa sababu walikuwa wamekaza kila kitu kuelekea tarehe moja. Mkiondoka stendi ya Kange, mwambizane kwamba tarehe inaweza kusogea. Ni kilomita zipatazo 350 kupitia Segera na Chalinze, kwa hiyo panga nauli na siku za ziada tangu mwanzo, ili kusogezwa kusigeuke msiba.

Asubuhi ya upasuaji mtoto atakuwa na njaa na atalia. Kwa kawaida chakula na maziwa ya kopo husimamishwa masaa 6 kabla, maziwa ya mama masaa 4, maji matupu masaa 2. Nyinyi fuateni muda mtakaopewa na hospitali. Mama asimshike peke yake saa hizo kama ananyonyesha, harufu ya ziwa inamtesa mtoto na kilio kinamtesa mama. Wewe ndiye wa kumbeba na kuzunguka naye. Na asitokee mtu wa huruma na biskuti.

Kisha mlango. Utamkabidhi mtoto, mlango utafungwa, na mikono yako itabaki na umbo lake. Sina namna ya kulifanya jambo hili lisiume. Ombeni mmoja wenu aende naye hadi pale mwisho panaporuhusiwa. Mpeni busu, mwambieni tutaonana ukiamka, mwondoke mkiwa mmesema kwaheri. Msitoroke akiwa amegeuka.

Halafu kuna jambo la muda, na hili liandike kwenye karatasi. Kabla kisu hakijagusa ngozi, kuna kulazwa kwa dawa, kuwekewa mirija ya kupitishia dawa, mpira wa mkojo, mashine ya kupumulia. Peke yake kazi hiyo inaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Baada ya kushona kuna kuhakikisha damu haivuji, kufunga kifua, kumhamisha taratibu. Wazazi wanaambiwa upasuaji ni saa kadhaa, saa zikipita wanaanza kuzika mioyoni. Kuchelewa peke yake si habari mbaya. Muulizeni daktari kabla: nani atatoka kutupa habari, na kwa takriban saa ngapi? Mle chai na maandazi hata kama hayashuki. Mkeo asiachwe peke yake kwenye benchi.

Mara ya kwanza mtakapomwona ICU, ingieni mkiwa mnajua mtakachokikuta. Mrija mdomoni uliounganishwa na mashine ya kupumulia, ndiyo maana hatatoa sauti hata akilia. Mirija kifuani inayotoa majimaji yenye damu kwenye chupa, inatakiwa itoe. Nyaya, dripu, mpira wa mkojo, plasta ndefu katikati ya kifua. Uso na kope zinaweza kuvimba, hii hutokana na ile mashine ya moyo, na hupungua siku zinazofuata. Mikono inaweza kuwa ya baridi, na mara nyingine hufungwa kitambaa kulegea asije akauchomoa mrija. Mashine zitapiga kelele. Mara nyingi ni waya uliolegea au mtoto aliyejinyoosha. Msitazame kioo cha mashine, mtazameni nesi. Kama yeye ametulia, tulieni.

Na hapo, baba, uliza swali hili kwa sauti: "Nesi, naweza kumgusa wapi?" Utaonyeshwa. Pengine ni unyayo, pengine paji la uso. Mwite jina lake. Kisha uliza: "Kuna kitu naweza kumfanyia?" Kulowanisha midomo, kumpaka mafuta miguuni, kushika mkono wakati wa kubadilisha plasta. Ukijibiwa hapana leo, uliza kesho. Mke wako kama ananyonyesha akamue maziwa kila baada ya masaa matatu hivi, hata yakitoka matone, maziwa yasije yakakauka. Hofu inaweza kuyafanya yachelewe kushuka, hayajaisha. Mama anayekamua ana kazi ambayo hakuna daktari anayeweza kumfanyia mwanawe. Kama hawezi kustahimili yale anayoyaona, aingie dakika tano, atoke, arudi. Na wewe ukihisi kizunguzungu, kaa chini. Wanaume wakubwa wameanguka mbele yangu kwa kujikaza.

Jambo linalowashangaza wengi: siku ya kutoka ICU kwenda wodini, na siku ya kurudi nyumbani, hofu hupanda badala ya kushuka. Mashine zilizokuwa zikilinda hazipo. Usiku Makorora mtaamka kumwekea mkono puani. Hilo ni la kawaida wiki za mwanzo, shikeni zamu, mmoja alale kweli. Mtoto naye atabadilika: atang'ang'ania, ataamka akipiga kelele, atarudi nyuma kwenye mambo aliyokwisha kuyajua. Hupita kwa wengi mkimrudishia ratiba yake ileile ya kula, kuoga na kulala. Mfupa wa kidari unahitaji kama wiki 6 hadi 8 kuunga, kwa hiyo asinyanyuliwe kwa makwapa. Mkono mmoja chini ya kichwa na mabega, mwingine chini ya matako. Mfundishe bibi, mfundishe kaka yake, mfundishe jirani anayependa kumrusha juu.

Mfupa ukiunga na daktari akiridhika, mwacheni acheze. Nimeona watoto walioponywa moyo wakakuzwa kama yai: asikimbie, asikatazwe, asilie. Kwa baadhi ya magonjwa ya moyo, yale ya mtoto kugeuka bluu, kilio kirefu kabla ya upasuaji kina hatari kweli, na watu wameibeba hofu hiyo kwa kila mtoto. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba hali ya kihisia ya watoto wenye magonjwa ya moyo ilitabirika zaidi kwa namna mama alivyoiona hali yao kuliko kwa ukali wa ugonjwa wenyewe. Hapo ndipo wasiwasi wenu unaweza kumgusa, ukiachwa miaka bila kutibiwa. Leo haumdhuru.

Kwa hiyo turudi kwa mkeo. Usingoje mpaka baada ya upasuaji. Muulize waziwazi: unalala? Unakula? Kuna wakati unaona bora usingekuwepo? Kumuuliza mtu kuhusu kifo hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi anashusha pumzi kwamba kuna aliyethubutu. Akisema ndiyo, au akiacha kumtazama na kumhudumia mtoto, nendeni Bombo siku hiyohiyo, mwombe kuonana na wa afya ya akili, na asiachwe peke yake. Kama ni ukimya tu, mtembee naye jioni hadi ufukweni bila kumhoji. Mwambie wewe unalia bafuni. Nadhani hajui. Pengine anafikiri amebaki peke yake na hofu hii, nawe unafungulia maji ya bomba asikusikie.

Na nyote wawili: baada ya kurudi, kama mwezi umepita na bado picha za ICU zinakuja bila kuitwa, mnashtuka simu ikilia, mnakwepa kliniki kwa sababu harufu ya spiriti inawarudisha kule, au hasira imekuwa ya kila siku, tafuteni msaada. Inatibika.

Uliuliza kama uende au ubaki. Nenda. Ukishindwa kukaa siku zote, chagua mbili. Ya kwanza ni siku ya upasuaji, kwa sababu ya ule mlango na lile benchi. Ya pili ni siku ya kuruhusiwa. Mama atakuwa amechoka, na maelekezo yatakuwa mengi: dawa na saa zake, kidonda, tarehe ya kliniki. Masikio manne yanasikia zaidi ya mawili, nawe uwe na kalamu. Andika na dalili za kumrudisha hospitali bila kungoja: homa, kidonda kutoa usaha au kufunguka, kuhema haraka, kuvimba, kukataa kula, midomo kuwa ya bluu. Yoyote kati ya hizo ikitokea mkiwa Tanga, mkimbizeni Bombo kwanza na karatasi zote za Dar mkononi, usiku huohuo.

Siku zilizobaki za kati, akiwa kule na wewe ukiwa hapa, mpigie kila usiku. Pesa ziongeleeni mchana. Usiku mwambie akusimulie mtoto amefanya nini leo, amefumbua jicho, amekunywa kiasi gani, nawe msimulie kaka yake alivyoamka.